Kabla hujasubiri saa 48: jinsi ya kuunganisha domeini yako nasi

"Saa 48 zimeisha, mbona tovuti bado haifunguki?" Hilo ndilo swali tunaloulizwa mno na wateja wanaounganisha domeini zao na seva zetu, baada ya kuambiwa wasubiri muda huo ili mabadiliko yaanze kufanya kazi. Mara nyingi tukiangalia tunakuta hapakuwa na cha kusubiri: rekodi, yaani mstari unaoeleza jina lako linaelekea wapi, ilikosewa tangu dakika ya kwanza, na rekodi iliyokosewa hairekebiki kwa kuachwa ikae.

Saa 48 zenyewe hazikutoka hewani. Kila rekodi ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya domeini kuwa anwani za seva) ina TTL, yaani idadi ya sekunde ambazo seva nyingine zinaruhusiwa kuikumbuka kabla ya kuuliza upya. Kwa domeini za .com, taarifa inayosema seva zako za majina (zinazotunza rekodi zako) ni zipi ina TTL ya sekunde 172,800, ambazo ni siku mbili kamili. Kwa hiyo aliyehamisha seva za majina ana sababu ya kusubiri. Aliyebadilisha rekodi moja tu ndani ya paneli ya kusimamia rekodi anahusika na TTL ya rekodi hiyo: ikiwa ni 3600, basi ni saa moja. Watu husema mabadiliko "yanasambaa", lakini hakuna anayeyasambaza. Kinachotokea ni nakala za zamani kuisha muda wake, moja hapa, nyingine pale.

Ndiyo maana ukijua unahama, teremsha TTL hadi 300 siku moja kabla. Kuiteremsha siku yenyewe hakusaidii, kwa sababu waliokwisha kuchukua nakala ya zamani wanaendelea kuheshimu muda wa zamani. Tena usikimbilie kufungua www kwenye kivinjari kabla rekodi yake haijaundwa. Jibu la "jina hili halipo" nalo hukumbukwa kwa muda, na utajikuta unaambiwa halipo wakati lipo.

Kabla ya kugusa chochote, jua DNS yako iko mikononi mwa nani. Uliponunua domeini ni kwa msajili; tovuti inapokaa ni kwetu; lakini rekodi zinaweza kuwa kwa mtu wa tatu kabisa. Mteja anaingia kwa msajili, anajaza rekodi vizuri, anahifadhi, na hakuna kinachobadilika, kwa sababu seva za majina zinaelekeza kwingine. Ni kama kuandika kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta yako uandike:

nslookup -type=ns jinalako.com

Majina yatakayotokea ndiyo yanayokuonyesha paneli ya kuingia.

Ukishafika huko, kazi yenyewe ni fupi. Kwa domeini tupu, jinalako.com, weka rekodi ya A yenye anwani ya IP tuliyokupa. Kwa www, weka CNAME inayoelekea kwenye jina la seva tulilokupa. Usijaribu kuweka CNAME kwenye domeini tupu. Tangu mwaka 1987 kanuni za DNS zinasema jina lenye CNAME lisiwe na rekodi nyingine, na domeini tupu lazima iwe na NS (inayotaja seva za majina) na SOA (yenye taarifa kuu za domeini). Baadhi ya watoa huduma wana rekodi iitwayo ALIAS inayofanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Kama kwako ipo, itumie.

Makosa yenyewe yanajirudia mno. Paneli nyingi huongeza jina la domeini zenyewe, hivyo ukijaza www.jinalako.com kwenye nafasi ya jina, unapata www.jinalako.com.jinalako.com, na hakuna onyo lolote. Andika www tu, na kwa domeini tupu weka alama ya @.

Linalosumbua zaidi ni rekodi ya zamani iliyosahaulika. Ukiongeza A mpya bila kufuta ya zamani, wageni wanagawanywa: huyu anafika kwetu, yule anapelekwa kwenye seva uliyoihama. Ikiwa iliyobaki ni AAAA, ambayo ni ya anwani za IPv6 (aina mpya ya anwani za IP, ambayo si kila mtandao unaitumia), mambo yanachanganya hata zaidi. Kwenye kompyuta ya ofisini unaona tovuti mpya, kwenye simu unaona ya zamani, unaanza kuilaumu simu. Kama hatukukupa anwani ya IPv6, futa AAAA.

Tunakushauri uache seva za majina zilipo, hata kama kuzihamishia kwetu kunaonekana rahisi. Sababu ni barua pepe. Zikihama bila rekodi za MX (zinazosema barua zipelekwe wapi) na TXT (za maandishi, kama ya uhakiki wa barua) kunakiliwa kwanza, anayekutumia barua hakuti MX, kwa hiyo anajaribu kuipeleka kwenye anwani iliyo kwenye rekodi ya A, yaani kwenye seva ya tovuti, ambayo haipokei barua. Tovuti inang'aa, nawe huna habari kwamba wateja wako wanaandika bila kukufikia. Kama ni lazima uhame, nakili kila rekodi kwanza, na kama DNSSEC (saini zinazothibitisha majibu ya DNS) imewashwa, ondoa rekodi ya DS, inayotambulisha saini hizo, kwa msajili mapema, la sivyo seva zinazohakiki saini zitalikataa jina lako kabisa. Ukiwa na huduma mbili zinazotuma barua kwa niaba yako, usiweke rekodi mbili zinazoanza na v=spf1, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Unganisha zote katika moja, maana zikiwa mbili ukaguzi unashindikana.

Cheti cha usalama tunakiomba wenyewe kutoka kwa mtoaji wa vyeti aitwaye Let's Encrypt domeini ikishaelekea kwetu, kwa hiyo onyo la kivinjari muda mfupi baada ya kuunganisha lisikutishe. Likiendelea, angalia kama una rekodi ya CAA inayotaja mtoaji mwingine wa vyeti peke yake, ongeza letsencrypt.org.

Ukikwama, tutumie jina kamili la domeini, majibu ya ile amri ya nslookup, na picha ya ukurasa mzima wa rekodi zako, pamoja na zile unazodhani hazihusiki. Nywila ya msajili usitutumie, hatuihitaji.