Kwa nini tunatoza ada ya upimaji kabla ya kufunga intaneti kijijini kwenu

Wateja wetu wengi wako Muscat, Doha, Leeds au Minneapolis, na wazee wao wako Kenya: Ganze, Kaloleni, Kinango au milimani Taita. Malalamiko yao hayatofautiani sana: "Rauta nzuri nimetuma, bando nalipa kila mwezi, lakini nikimpigia mama video picha inaganda. Na nyinyi mnataka shilingi 4,500 za kuja kupima tu. Mnapima nini?" Wiki hii mmoja ameenda mbali zaidi, ametuandikia kwamba ada hiyo ni wizi. Tunamjibu hapa, na jibu ni la kila aliye na swali kama lake.

Kwanza, ukiamua kuendelea na kazi, zile 4,500 tunazikata kwenye gharama ya ufungaji. Usipoendelea, zimelipia usafiri, kazi ya fundi, na rauta ya majaribio ambayo tunaiacha hapo nyumbani ilale usiku mmoja. Huo usiku ndio wenye faida. Saa nne asubuhi mnara wa kijijini hauna watu, kasi inapendeza. Kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku kijiji kizima kimerudi nyumbani na kila mtu ameshika simu. Mnara uliojaa watu hautibiwi na antena yoyote duniani, hata ya bei gani. Ni heri ulijue hilo kabla hujanunua chochote.

Pili, usipime mtandao kwa vile vimistari vya juu ya kioo cha simu. Fundi anasoma namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: ikiwa -80 ni nzuri sana, -100 inafanya kazi, -110 ni ya kubahatisha, na ikikaribia -120 laini inakatika. SINR ni usafi wa mawimbi yenyewe dhidi ya kelele: juu ya 20 ni raha, 10 hadi 20 inatosha kwa simu ya video, chini ya 5 utateseka. Vimistari vinafuata nguvu zaidi kuliko usafi, ndiyo maana simu inaonyesha mistari yote na bado video haiendi.

Hili linaonekana sana Taita. Nyumba iliyo kwenye mgongo wa mlima inaona minara ya pande zote, ya mabondeni na ya vileleni. RSRP inasoma -78, SINR inasoma 2. Mwenye nyumba haamini, maana kwa macho yake anaiona minara mitatu. Tatizo ni hiyo hiyo minara mitatu, inasema kwa wakati mmoja. Fundi asiyepima atapandisha bomba linaloshika antena juu zaidi, na mambo yatazidi kuharibika, kwa sababu antena sasa inaona minara mitano. Dawa ni kuchagua mnara mmoja, kuielekeza antena ya upande mmoja kwake, na mara nyingi kuishusha chini ya paa ili ukuta wa nyumba uzibe minara ya nyuma. Tumeona SINR ikipanda kutoka 2 hadi 14 kwa kuishusha antena mita mbili na kuizungusha kidogo. Kazi hiyo haihitaji kifaa kipya. Inahitaji mtu avumilie, aizungushe antena digrii chache, angoje namba itulie, asome, azungushe tena.

Sasa tuje kwenye njia ya mkato inayowagharimu wengi: kununua rauta huko uliko na kumpa mtu anayesafiri. Rauta nyingi za 4G zinazouzwa Marekani zimetengenezwa kwa masafa ya huko, kama 700, 1900 na yale ya 1700/2100 MHz. Vijijini Kenya 4G inategemea sana 800 MHz, yaani Band 20, pamoja na 1800 MHz, Band 3. Rauta isiyo na Band 20 itawaka taa zote vizuri, laini itasomwa, halafu itaangukia 3G au isishike kabisa. Za Uingereza na Ujerumani kwa kawaida zina masafa hayo, lakini baadhi zimefungwa kwa mtandao uliokuuzia na hazikubali laini nyingine mpaka zifunguliwe. Kabla hujalipa, soma maelezo ya kifaa: tafuta B3 na B20, tafuta neno linalothibitisha hakijafungwa, na hakikisha chaja yake imeandikwa 100–240V.

Ndugu yake ni kile kiboksi cha kukuza mawimbi kinachouzwa mtandaoni kwa bei rahisi. Hatukifungi, hata mteja akija nacho mkononi. Vifaa vya namna hiyo vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na vingi vya bei rahisi havijaidhinishwa. Isitoshe, vinakuza kelele pamoja na mawimbi, na antena yake ya ndani ikiwa karibu na ya nje, kifaa kinaanza kujisikia chenyewe na kuusumbua mnara mzima. Majirani wanapoteza mtandao kwa sababu ya kiboksi chako.

Kuhusu kebo, hapa ndipo wateja wanapotuona ghali. Mtu ananunua antena inayoongeza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi inavyoongezeka au kupungua), anaifunga juu ya bomba, anaishusha kwa mita 20 za kebo nyembamba ya RG58. Kwenye 1800 MHz kebo hiyo inakula karibu desibeli 0.7 kwa kila mita. Mita 20 zimekula 14. Antena imeleta 10, kebo imechukua 14. Simu iliyowekwa dirishani ingefanya vizuri zaidi. Wengine wanachomeka waya mmoja na kuacha tundu la pili la antena wazi, na 4G inategemea yote mawili kwa kasi yake kamili.

Sisi tunafunga rauta ya nje, ambayo antena na mashine ziko pamoja juu ya bomba, kisha tunashuka na kebo ya mtandao ya Cat6 ya nje. Data na umeme vinapita humo humo, na unaweza kwenda hadi mita 100 bila kupoteza mawimbi. Lakini kebo iwe shaba tupu. Sokoni kuna ya alumini iliyopakwa shaba, bei yake ni ndogo sana na kwa macho zinafanana. Ikwaruze kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, irudishe. Alumini inazuia umeme zaidi, kwa hiyo juu unafika umepungua, na rauta inajizima na kujiwasha hasa usiku inapofanya kazi nyingi. Watu wanalaumu mtandao kumbe ni kebo.

Kebo ikifika ukutani lazima ishuke chini ya tundu kwanza, ndipo ipande na kuingia, ili maji ya mvua yadondokee nje. Bomba linafungwa waya wa ardhi kwenye fimbo ya shaba ya mita 1.2 iliyogongewa chini. Ukanda wa pwani tunatumia vifungio visivyoshika kutu, kwa sababu chumvi ya hewani inakula skrubu za kawaida upesi. Na wifi ya ndani inawekwa sebuleni wazee wanapokaa. Tusiiache ghalani kwa sababu soketi ipo huko.

Wengi sasa wanauliza Starlink, intaneti ya satelaiti inayopokelewa kwa sahani, ambayo ilianza huduma Kenya mwaka 2023. Kama mnara ni dhaifu au umejaa, tunaipendekeza bila kusita. Satelaiti zake ziko takriban kilomita 550 juu, si 35,786 kama za ule mtindo wa zamani, kwa hiyo maneno hayachelewi mkizungumza. Adui yake Kilifi na Kwale ni mnazi. Sahani inataka anga wazi pande zote, na makuti yanayopeperuka mbele yake yanakata video kwa sekunde chache, tena na tena. Programu yake ya simu inapima vizuizi kwa kamera. Tunaipima palepale sahani itakapokaa, juu ya paa. Ukipima uani utapata jibu la uani. Na usitume sahani iliyosajiliwa Marekani ukitegemea itafanya kazi kijijini miaka yote: kampuni inaweza kukutaka uhamishe akaunti ikikaa nchi nyingine zaidi ya miezi miwili. Inunuliwe Kenya, kwa akaunti ya Kenya.

Ulizia pia umeme. Sahani ya kawaida inatumia wati 75 hadi 100, ile ndogo ya Mini 25 hadi 40, rauta ya 4G kama 12. Betri ya sola ya asidi ya 12V 100Ah isishushwe chini ya nusu, yaani una wati-saa 600 hivi. Sahani ya kawaida inazimaliza kwa saa saba. Rauta inakwenda siku mbili. Nyumba ya sola iliyopangiwa taa na televisheni haiwezi kubebeshwa sahani ya kawaida bila kuongeza betri na paneli.

Halafu kuna kamera. "Bando limeliwa" mara nyingi maana yake ni kamera inayorusha picha usiku na mchana. Kamera moja ikituma megabiti 2 kwa sekunde bila kusimama inatumia GB 21.6 kwa siku, karibu GB 650 kwa mwezi. Weka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera, irekodi hapo hapo, wewe ufungue unapotaka kuona. Na chagua kamera inayotazamwa kupitia programu ya mtengenezaji, kwa sababu laini za simu kwa kawaida hutumia anwani moja ya intaneti (IP) kwa wateja wengi, na ile njia ya kuifungulia rauta mlango kutoka nje haifanyi kazi.

Jambo la mwisho, nalo ni la bure. Laini ya rauta isajiliwe kwa kitambulisho cha mzee mwenyewe au ndugu anayeishi hapo, kamwe isiwe kwa jina la fundi, hata fundi wetu. Ikipotea au ikifungwa, aliyesajiliwa ndiye anayeweza kuirudisha. Siku ya upimaji mwambie mama awe na kitambulisho chake karibu, na utuachie namba ya mtu mmoja tu wa nyumbani atakayepokea simu zetu.