Ukipandia Hamsini na Saba

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani, wote wazima. Umesema ukitoka Iringa utachepuka Kitulo, ile hifadhi ya maua, kabla ya kufika hapa. Chepuka tu, baba. Wanaokwambia ile barabara ya Hamsini na Saba, inayopanda mlima kutoka Chimala, haipitiki wanakosea. Inapitika, ila ina masharti yake.

Lami utaiacha Chimala, kilomita 78 kabla ya Mbeya mjini. Hapo jaza tangi, kisha pima upepo wa matairi yote matano, maana la spea husahaulika mpaka siku linapotakiwa. Kama gari linatumia psi 35, punguza hadi 28 hivi: tairi laini kidogo hushika changarawe vizuri na halitobolewi ovyo na jiwe. Usipunguze zaidi ya hapo, kwa sababu kwenye kona kali tairi lililolegea laweza kuchomoka kwenye rimu. Beba pampu, jeki, spana ya nati na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki inazama kwenye udongo uliolowa na gari linalala. Nati zilegeze gurudumu likiwa bado limekanyaga chini.

Kinachosumbua hasa ni kwamba maua na utelezi vina msimu mmoja. Kitulo huchanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, wakati wa mvua. Kwa hiyo chagua siku. Ukavu wa Chimala usikudanganye, mvua ya mlimani ni nyingine. Tazama matairi ya malori yanayoshuka na viazi: yakiwa na tope bichi au yamefungwa minyororo, lala Chimala. Yakiwa na vumbi, anza asubuhi, kwani mchana ukungu hushuka hata kona huioni.

Kona zenyewe, hamsini na saba, ndizo zilizoipa barabara jina. Panda kwa gia ya kwanza au ya pili, piga honi kabla ya kila kona, baki kushoto. Lori lenye mzigo hutanua, linaitaka barabara nzima. Injini itapungua nguvu kadiri unavyopanda kwa sababu hewa ni nyepesi, si ubovu. Ikichemka, simama penye nafasi, iache ipoe, usiguse mfuniko wa rejeta. Utazame chini: Usangu yote na mashamba yake ya mpunga imelala miguuni pako.

Ukilazimika kushukia huko huko, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Otomatiki iweke L. Anayeshuka na breki peke yake huzichemsha. Mafuta ya breki yakichemka hutoa mapovu, na pedali inazama mpaka chini bila kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, weka mawe kwenye magurudumu, subiri nusu saa. Usizimwagie maji.

Matamba ndiko ofisi ya hifadhi. Uwe na kitambulisho ulipe kiingilio cha Mtanzania. Juu kule, kwenye mita 2,600, kuna baridi, chukua koti. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea, na maua ya okidi pekee yapo aina zaidi ya 40. Usikanyage nje ya njia wala kung'oa hata moja. Viazi vya mizizi ya okidi vimechimbwa mno kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo na kuuzwa Zambia, na okidi iliyochimbwa haichipui tena.

Kurudi, pitia Kikondo hadi Isyonje. Ukishika lami ya Tukuyu pinda kulia, jaza upepo tena ndipo ukimbie.

Nitumie ujumbe ukiwa Chimala, nijue saa ya kuanza kukutazamia.

Mama yako