Choo kigumu? Usiteme makapi ya chungwa

Wateja wengi wanaofika kwenye meza yetu ya matunda hapa Ngamiani, Tanga, wakilalamika kufunga choo huomba juisi, tena iliyochujwa vizuri. Tukiichuja, kinachokufaa kinabaki kwenye chujio, nawe unaondoka na maji yenye sukari.

Nyuzinyuzi za matunda hazimeng'enywi tumboni. Hufika utumbo mpana zikiwa bado nzima, na huko bakteria huzichachusha. Hapo hutoka asidi ambazo huenda zikausaidia utumbo kusukuma, na bakteria wenyewe huzaana. Sehemu kubwa ya choo, ukiondoa maji, ni hao bakteria. Wakiongezeka, choo huwa kingi na laini.

Sasa tazama tunavyolila chungwa la Muheza. Linamenywa kwa kisu, linakatwa juu, linafyonzwa, makapi yanatemwa. Ule weupe chini ya ganda na vile vingozi vya vipande ndimo ilimo pektini, aina ya nyuzinyuzi ambayo ni chakula hasa cha bakteria. Menya ukibakiza weupe kidogo, tenganisha vipande, tafuna, meza.

Pera lina nguvu zaidi: gramu 100 zina kama gramu 5 za nyuzinyuzi. Papai halifiki hata gramu 2, ila lina maji mengi na watu hula kipande kikubwa. Ndizi iwe imeiva kabisa. Ambayo bado ngumu huwafunga baadhi ya watu.

Kosa kubwa ni pupa. Mtu hula nusu papai na mapera manne siku moja, tumbo linajaa gesi, kesho anaacha. Anza na pera moja asubuhi kwa siku tatu, kisha ongeza chungwa zima mchana, halafu papai, taratibu kwa wiki mbili. Kila tunda lifuatane na glasi ya maji, maana nyuzinyuzi bila maji huzidisha ugumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kwa hiyo kunde na mboga zisikosekane.

Mama mjamzito, vidonge vya madini ya chuma hukausha choo, lakini usiviache. Mwambie mkunga kliniki. Wenye kisukari au maradhi ya figo, ulizeni daktari kiasi chenu kwanza. Ukiona damu, au unatapika, tumbo limevimba na hata ushuzi hautoki, usije kwetu kununua papai. Nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.