Oili ya giaboksi isichaguliwe kwa rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari ya otomatiki, na pia na wenzangu wa gereji na wauza oili wa hapa Dar es Salaam. Ukienda dukani Gerezani au Shauri Moyo ukaomba oili ya giaboksi ya otomatiki, mara nyingi swali ni moja tu: lita ngapi? Gari gani, la mwaka gani, lina giaboksi ipi, hayo hayaulizwi. Unapewa dumu la haidroliki nyekundu, ndivyo oili ya giaboksi inavyoitwa mtaani, unalipa, unaondoka. Wapo wauzaji waungwana wanaouliza, lakini ni wachache.

Ule wekundu ni rangi inayotiwa kiwandani ili oili ikivuja chini ya gari ijulikane kwamba si ya injini. Hauelezi mnato wa oili, yaani wepesi au uzito wake wa kutiririka, wala dawa zilizomo. Mazoea yenyewe yana asili yake: Toyota za zamani zilitumia Dexron II au III kwenye giaboksi na kwenye pawa stelingi pia, hivyo dumu moja lilitosha kote. Dexron ni kiwango cha General Motors ya Marekani, na kampuni hiyo iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006. Dumu jipya lenye jina hilo leo halina idhini ya mwenye jina. Ubora wake ni ahadi ya aliyelijaza. Kwa pawa stelingi ya Corolla ya zamani sina ugomvi nalo. Kwa giaboksi ya Mark X, ninao.

Toyota walihama zamani. Kwanza ikaja Type T-IV, ambayo ndiyo ya IST ya 2002 hadi 2007, Fielder ya NZE121 na Harrier ya ACU30. Baadaye ikaja WS, inayotumika kwenye Mark X ya GRX120 na hata kwenye haibridi kama Aqua. Hizi mbili hazibadilishani. Kwenye joto la nyuzi 100, T-IV ina mnato wa karibu sentistoki 7 na WS kama 5.5. Ukitia WS kwenye giaboksi ya T-IV, oili nyepesi inapenya kwenye sili (mipira ya kuzibia) zilizokwisha kulika, presha inashuka, na giaboksi ikishapata moto kwenye foleni ya Barabara ya Mandela klachi zilizomo ndani yake zinaanza kuteleza. Ukifanya kinyume, gia zinachelewa kuingia asubuhi, na klachi ya ndani ya tokikonveta (kiungo cha kupitisha nguvu kutoka injini kwenda giaboksi) inashika na kuachia, gari linatetemeka kwenye mwendo wa 60 hadi 80 kama linapita juu ya matuta madogo. Fundi asiyejua atadhani ni injini, akuuzie plagi na koili.

Balaa kubwa zaidi ni CVT, aina nyingine ya giaboksi ya otomatiki. Humo hamna gia za hatua. Kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili za chuma. Oili ya otomatiki ya kawaida imetengenezwa ili klachi zishikane taratibu bila kishindo. CVT inataka chuma kishike chuma bila kuteleza, huku kikilindwa kisilike. Ukiimwagia haidroliki ya kawaida mkanda unateleza, puli zinapata mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo haiondoki hata ukirudisha oili sahihi. Dalili ya kwanza ni mlio mwembamba unaopanda na mwendo, kisha gari linakuwa zito kuondoka. Toyota wana CVT Fluid TC na FE, Nissan wana NS-1, NS-2 na NS-3, na kila moja ina giaboksi zake.

Utajuaje gari lako lina ipi? Jina la gari halitoshi. Chukua Fielder mbili za mwaka mmoja, injini ya 1.5, rangi moja: NZE141 ya otomatiki ina CVT, NZE144 inayovuta miguu yote minne ina giaboksi ya gia nne. Ukiziegesha pamoja huwezi kuzitofautisha kwa kuangalia bodi. Vivyo hivyo X-Trail: T30 ya otomatiki ya gia inatumia Matic D, oili nyingine ya Nissan, T31 ya CVT inatumia NS-2.

Fungua boneti, tafuta kibao cha bati kilichopigwa kwenye ukuta wa bodi ulio nyuma ya injini. Kwa baadhi ya magari kipo kwenye nguzo ya mlango. Kwenye Toyota kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Namba ya giaboksi iliyo hapo ikianza U au A, kama U340E, hiyo ni otomatiki ya gia. Ikianza K, kama K310, ni CVT. Ikianza P ni haibridi. Halafu chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi usome kwenye mpini wake: Toyota nyingi zimegongwa humo T-IV au CVTF TC. Kitabu cha gari cha Kijapani nacho kisikutishe, kwa sababu majina ya oili yameandikwa kwa herufi zetu hizi hizi. Piga picha kibao na kijiti, nenda nazo dukani. Kwenye dumu tafuta jina hilo hilo. Kwa T-IV unaweza pia kukuta namba ya kiwango, JWS 3309, na kwa WS ni JWS 3324. Oili za "magari yote" sizikatai moja kwa moja, mradi mtengenezaji anayejulikana ameorodhesha kiwango chako. Lakini inayodai kufaa otomatiki na CVT kwa pamoja mimi siitii kwenye gari la mtu.

Kiasi nacho kinaleta matatizo. IST ile ya gia nne inabeba kama lita 6.5, lakini ukifungua boliti ya kumwagia zinatoka kama 3 tu. Nyingine zimebaki kwenye tokikonveta. Anayekwambia amebadilisha oili yote kwa dumu moja la lita 4 hajabadilisha yote. Njia salama ni kumwaga na kujaza mara tatu. Kila mara washa injini, kanyaga breki, pitisha lever kwenye kila nafasi, zima, mwaga tena. Ukitumia lita 9 hivi, oili ya zamani inayobaki ni kama sehemu moja ya sita. Pima iliyotoka kwenye chombo chenye alama za lita na urudishe kiasi kile kile. Ikipungua, gari linasita kabla ya kuondoka. Ikizidi, gia zinaichapa mpaka inafanya povu, na povu halijengi presha.

Kupima ni pale giaboksi ikiwa ya moto, gari mahali tambarare, injini inaunguruma, lever kwenye P, alama ya HOT. Honda nyingi za otomatiki zinapimwa injini ikiwa imezimwa muda huo huo. Giaboksi za WS zisizo na kijiti zinapimwa kwa boliti ya kiwango chini, oili ikiwa kwenye nyuzi 35 hadi 45. Anayekisia kwa kidole aachwe. Wenye Subaru wasimame karibu na fundi anapobadilisha oili ya injini. Boliti ya giaboksi haiko mbali, na wapo wanaofungua hiyo, kisha wakamwaga oili mpya ya injini juu ya ile ya zamani: injini imefurika, giaboksi kavu.

Kuhusu imani kwamba giaboksi ya zamani ukiibadilishia oili inakufa: nyingi za hizo klachi zake zilikuwa zimeshateleza, ndiyo maana mwenyewe akakumbuka oili. Kama oili imekuwa ya kahawia lakini gari linabadili gia vizuri, badilisha kwa kumwaga na kujaza, si kwa mashine ya kusukuma kwa presha. Kama linateleza tayari, okoa pesa yako. Kwa joto na foleni zetu ningebadilisha kila kilomita 40,000 hadi 50,000, hata ile inayosemwa ni ya maisha.

Gari lililozama maji Jangwani au Kigogo lisiwashwe kabla ya kutazama kijiti. Oili ya rangi ya maziwa ya waridi ina maji, na maji yanabandua gundi ya sahani za klachi. Rangi hiyo hiyo bila mafuriko maana yake kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka: rejeta ibadilishwe kabla ya oili.

Na aliyekwisha kutiliwa oili isiyo yake, gari likiwa bado halijatembea, asiliwashe. Aimwage oili hiyo hapo hapo na kujaza sahihi, kisha arudie mizunguko ile. Kama limetembea na linalia, fungua sampu (beseni la oili chini ya giaboksi) uangalie sumaku iliyomo. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Ukikuta vipande vinavyong'aa vinavyochoma kidole, usinunue oili tena. Tafuta giaboksi nyingine, ije na tokikonveta yake, na namba yake ilingane na ile ya kwenye kibao, si "ya Fielder" tu.

Fundi wa giaboksi,
Ilala, Dar es Salaam