Kidonda chini ya titi kimegoma kufunga: uzi ukatwe au tusubiri?

Kwa wauguzi, madaktari na wasomaji wote mnaouguza vidonda,

Hamjambo. Naandika kwa niaba ya wifi yangu, mkazi wa Kisumu mwenye umri wa miaka 34, aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti jijini Nairobi. Sasa yuko wiki ya nane. Titi la kushoto limepona vizuri. La kulia limebaki na kidonda chini kabisa, pale mshono unaoshuka wima unapokutana na ule wa mlalo uliojificha kwenye mkunjo. Mimi ni muuguzi na ndiye ninayemfunga kidonda. Amekubali niandike haya yote bila jina lake.

Nianze na vipimo, maana ushauri wa kidonda bila vipimo ni wa kubahatisha. Wiki ya tatu kilikuwa na urefu wa sentimita 5, upana wa 3 na kina cha sentimita 1 na nusu. Kikapungua bila shida hadi wiki ya sita: urefu 2.5, upana 1.5, kina nusu sentimita. Tangu hapo hakijasogea. Hakina harufu, hana homa, wekundu hauenei, na maumivu hayajaongezeka. Majimaji ni mepesi, ya manjano hafifu, lakini ni mengi.

Kwa wasioujua upasuaji huu: mpasuo hulizunguka eneo jeusi la chuchu, hushuka wima, kisha hufuata mkunjo wa chini wa titi upande hadi upande. Kwenye makutano ya chini ndipo pagumu kupona. Kona za ngozi zinazokutana hapo ziko mbali na mishipa inayozilisha, zinavutwa huku na huku, na uzito wa titi lenyewe unazikalia. Ongeza joto la Kisumu, mchana nyuzi 30 na jasho halikauki, tofauti kabisa na baridi ya Nakuru. Kwa hiyo kidonda kufunguka pale si dalili kwamba mpasuaji aliharibu kazi. Ni jambo linalotokea mara nyingi baada ya upasuaji huu, na vingi hujifunga vyenyewe bila mgonjwa kurudi thieta. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi hadi kiliposimama.

Nikimulika kwa tochi naona vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kuwa ndicho kinachokizuia.

Kwenye kona iliyo upande wa kwapa kuna kifundo cha uzi wa zambarau kinachochungulia kutoka kwenye nyama. Ni mshono wa ndani, wa nyuzi zinazoyeyuka. Watu wengi hudhani uzi wa kuyeyuka huisha kwa wiki mbili. Sivyo. Nyingine hupoteza nguvu mapema, ila zile za polidaioksanoni hukaa mwilini hadi karibu miezi sita. Uzi uliofichuka mwili huuchukulia kama mwiba: hutoa majimaji kuuzunguka na kukataa kuufunika. Nikipitisha pamba safi ya kijiti hapo, inaingia chini ya ngozi kama milimita 6. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kiini cha tatizo, kwa sababu upande wa pili wa kidonda, usio na uzi, hauna mfuko wa namna hiyo.

Cha pili, kwenye nusu ya chini nyama nyekundu imepanda juu ya usawa wa ngozi kwa milimita 2 hivi. Inang'aa, na ukiigusa tu inatoka damu. Nyama nyekundu ni habari njema, lakini ikivuka ukingo inakuwa kizuizi, maana ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni na haiwezi kupanda kilima hicho. Huletwa na unyevu mwingi, msuguano, au kitu kigeni kilichobaki ndani. Yeye ana vyote vitatu.

Cha tatu ni ngozi ya pembeni, ambayo imekuwa nyeupe na kukunjamana kwa kushinda majini.

Matunzo yenyewe ni haya. Asubuhi na jioni nalowesha bandeji ya zamani na kusubiri dakika tano kabla ya kuibandua, kwa sababu shashi iliyokauka ikivutwa hung'oa ngozi changa iliyoanza kuota. Kisha nasukumia mililita 60 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaliyopashwa yakawa na joto la mwili, kwa sirinji ya mililita 20. Chupa ikiisha tunatengeneza nyumbani: maji nusu lita yaliyochemka, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichofurika, yapoe yakiwa yamefunikwa na yamwagwe baada ya saa 24. Kidonda hufunikwa kwa shashi yenye mafuta ya parafini, juu yake shashi kavu nne. Ndani ya mfuko naweka utepe mdogo tu, bila kushindilia, kwani kushindilia kunabana mishipa midogo na kuuacha mfuko wazi. Ngozi ya pembeni hupakwa krimu ya zinki, nyembamba. Plasta tumeiacha kwa kuwa ilimtoa malengelenge. Sidiria ya pamba isiyo na waya, yenye kufunguka mbele, ndiyo inayoshikilia bandeji mchana na usiku. Habebi mtungi wa maji wala mtoto, na kamba ya kuanikia nguo imeshushwa ili asinyanyue mikono juu ya mabega.

Ya mwilini pia tumeyaangalia. Sukari kabla ya kula ni 5.1, iko sawa. Kiwango cha damu (himoglobini) ni gramu 10.2 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike angalau 12. Anameza tembe za madini ya chuma, na tumezitenganisha na chai kwa saa mbili kwa sababu chai huzuia madini hayo yasifyonzwe. Ana kilo 78, kwa hiyo anahitaji protini ya gramu 100 hadi 115 kwa siku wakati huu. Ugali na sukuma wiki peke yake haufikishi hata nusu. Anakula mayai mawili, kikombe cha maharagwe au ndengu, kipande kizuri cha samaki aina ya ngege, konzi ya omena (dagaa) na nusu lita ya maziwa au mala, na mapera kwa ajili ya vitamini C. Havuti sigara, na hakuna anayevuta nyumbani.

Shida nyingine ni shinikizo. Wazee wanataka arudi akashonwe upya, wakisema kidonda kilicho wazi miezi miwili ni aibu ya hospitali. Nimewaeleza kwamba kidonda kilichokaa wazi hivi kina vijidudu juu yake, na ukikishona unavifungia ndani. Tena kona zilezile zitavutwa upya na kuachana upya. Kovu likibaki baya hurekebishwa baadaye, likishakomaa, pengine baada ya mwaka. Jirani naye ameleta kapsuli za antibiotiki zifunguliwe unga unyunyizwe kidondani. Unga huo huganda na kuziba, huweza kuleta mzio, na hapa hakuna maambukizi ya kutibu. Spiriti na haidrojeni peroksaidi nazo nimezikataa, maana zinaua seli changa pamoja na vijidudu. Nimesema haya yote kwa heshima, lakini neno la mtu mmoja nyumbani halina uzito, hata akiwa muuguzi.

Sasa naomba msaada wenu.

Uzi ule, je, mngeukata hapa Kisumu katika kituo cha afya, kwa vifaa vilivyochemshwa, usawa na nyama bila kuuvuta, au mngemwachia mpasuaji? Ninavyofahamu, kwa wiki ya nane mshono wa ndani umeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake, na kuutoa mmoja hakutalegeza titi. Ninachohofia ni kukata kisha kifundo kirudi ndani, kitusumbue tena mwezi ujao.

Kuhusu nyama iliyopanda, mnaanza na nini? Naijua njia ya kijiti cha nitreti ya fedha, lakini kinaunguza na hapa si rahisi kukipata. Wengine hutumia krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache chini ya usimamizi wa daktari, wengine bandeji ya sponji inayokandamiza kidogo. Kwa mkunjo wenye jasho, ipi imewafaa? Au nyama itashuka yenyewe uzi ukitoka, nisihangaike nayo kabla?

Na wanaofanya kazi kandokando ya ziwa, mnaukaushaje mkunjo bila kukikausha kidonda? Nafikiria bandeji ya sponji inayonyonya zaidi na kukaa siku mbili, badala ya shashi za kubadilisha mara mbili kwa siku, ila naogopa kwamba katika joto hili itageuka kuwa dimbwi.

Miadi yake na mpasuaji ni mwisho wa mwezi. Safari ya Nairobi kwa basi ni ndefu kwa mtu mwenye titi bichi, na kila tuta la barabarani analihisi. Kama uzi unaweza kukatwa huku, nitampigia mpasuaji simu nimwombe idhini na nimtumie picha yenye rula pembeni. Kama mnaona lazima afike mwenyewe, nielezeni sababu, niwaonyeshe na wazee.

Wenu,
Muuguzi, Kisumu