Risala ya kikundi cha wakulima wa zabibu, mwambao wa Magu, kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Afisa Kilimo wetu, wazee wa kijiji, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana: mwangaluka!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama. Barabara yetu tunaijua, hasa baada ya mvua ya juzi, na gari lako tumeliona lilivyo. Ahsante kwa kutokuishia pale darajani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina wanachama 22, wanawake 14 na wanaume 8. Sisi ni watu wa pamba, dengu na viazi, kama walivyo majirani zetu wote. Habari ya zabibu ilianza miaka minne iliyopita, pale wenzetu wawili walipokwenda msibani Dodoma wakarudi na pingili zimeviringishwa kwenye gunia lililoloweshwa maji. Kwenye basi walilipakata gunia hilo kama mtoto mchanga. Kijiji kilicheka, na hatukulaumu. Zabibu ni ya Dodoma. Kule mvua kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, kiangazi ni kirefu, na mkulima anavuna mara mbili. Huku ziwani mvua ni nyingi kuliko kule, umande hauishi, na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa majani na matunda, unapenda mahali pa namna hiyo. Msimu wa kwanza majani yalivaa unga mweupe kama yametoka mashineni, tukapoteza karibu kila kichala.

Tumejifunza kwa hasara. Sasa tunapogoa mwishoni mwa Aprili ili maua yakute masika yanakwisha, tuvune Agosti jua likiwa kali. Leo tuna mizabibu 300 kwenye nusu ekari. Hatushindani na Dodoma na wala hatuoti kiwanda cha mvinyo. Tunauza zabibu za kula, kwa kilo, kwa akina mama wa matunda pale Buzuruga, jijini Mwanza, ambao walizoea kungoja maboksi yanayoshuka na mabasi usiku, nusu yake yameshapondeka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala nyingi zikifika hapa huomba fedha. Yetu inaomba kitu kilicho nyuma ya fedha. Tunaomba mtu wa kutusaidia kuziomba.

Tukueleze yaliyotupata. Mwaka jana tulisikia kuna ruzuku kwa vikundi vya kilimo cha matunda. Tulisikia zikiwa zimebaki siku 9 kabla ya mwisho wa kupokea maombi, na tangazo lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Tukachangishana 300,000 tukampa bwana mmoja wa mjini anayejulikana kwa kuandika maandiko ya miradi. Alituletea kurasa 31, zimefungwa vizuri, jalada la plastiki, picha ya shamba ambalo si letu. Tukaweka sahihi. Mweka hazina wetu, ambaye aliishia darasa la saba lakini husoma kila karatasi mpaka mwisho, ndiye aliyekuja kugundua, andiko likiwa limeshatumwa. Ukurasa wa 12 uliandikwa kwamba kijiji chetu kina ukame mkubwa na kwamba mizabibu itamwagiliwa kwa kisima cha mita 120. Mheshimiwa, ukisimama hapo ulipo ukageuka kushoto, unaliona ziwa. Ukurasa wa 19 jina la mkoa lilikuwa Dodoma. Yule bwana alinakili andiko la watu wengine akabadilisha jalada.

Hatukujibiwa. Mpaka leo hatujui tuliangushwa na kisima, na mkoa, au na jambo jingine kabisa. Bora mtu akukatalie ukajua.

Baada ya hapo tulikaa chini wenyewe na fomu, na ndipo tulipoona kwamba ugumu hauko kwenye kuandika tu. Fomu inataka hati ya ardhi. Shamba ni la kijiji, kwa hiyo inahitajika hati miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hati hiyo haipatikani kwa siku 9. Fomu inauliza maji tutayatoa wapi. Ukisema ziwani, unatakiwa uwe na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iliyopo Mwanza, na shamba liwe nje ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka. Letu liko nje. Tulipima kwa kamba, watoto wakishika ncha. Ila hakuna karatasi inayosema hivyo, na kamba haiambatanishwi kwenye fomu.

Halafu wanauliza mchango wa kikundi. Hapo tuliandika sifuri, kwa sababu akaunti ilikuwa na 41,000. Afisa Kilimo alipoiona ile sifuri alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe mashimo 300 tuliyochimba yana thamani, nguzo tulizokata zina thamani, na siku za kazi zinahesabika zikiandikwa kwenye daftari na kuwekewa sahihi. Tulikuwa tumetoa mchango mkubwa tukaandika hatuna kitu! Tangu siku hiyo daftari la kazi linakaa kwa katibu, na kila anayeshika jembe anaandikwa, jina, saa, na alichofanya.

Maneno machache kuhusu mikopo, maana tukisema hatujapata ruzuku tunaambiwa tukakope. Tunafahamu kuwa halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kwamba baada ya kusimamishwa 2023 utaratibu ulirudi 2024. Ni jambo jema na kuna majirani zetu limewainua. Lakini kikundi chetu ni mchanganyiko, kina wazee wa kiume watano ambao hawaingii popote hapo. Tulishauriwa tuwatoe. Mmoja wao ndiye aliyelipakata lile gunia kutoka Dodoma. Hatukuwatoa. Tena mzabibu hauzai chini ya mwaka mmoja na nusu, wakati marejesho hayangoji kichala kiive. Ndiyo maana kwa nguzo, waya na pampu ya umeme wa jua tunaona ruzuku inafaa zaidi, na mkopo tutauchukua baadaye kwa dawa na maboksi, vitu vinavyorudisha fedha msimu uleule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunajua jambo hili linawezekana kwa sababu tumeliona likifanyika. Ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/23, tuliandikishwa hapahapa kijijini, kwa Kiswahili, mtendaji akatusomea maswali, asiyejua kuandika akasaidiwa, namba ikaja kwenye simu. Bibi yangu alinunua mbolea kwa namba ile. Hakuna aliyemlipa mtu wa mjini.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Ofisi ya kata ipate siku moja kila mwezi ambapo Afisa Kilimo na Afisa Maendeleo ya Jamii watakaa na vikundi, wasome maandiko yetu kabla hayajatumwa, watuambie wapi pana sifuri isiyostahili. Matangazo ya ruzuku yakifika halmashauri yabandikwe kwenye ubao wa kata kwa Kiswahili yakiwa bado mapya. Na neno lako, Mheshimiwa, litusogezee hati ya kimila na kibali cha maji, ili tangazo lijalo litukute karatasi ziko tayari kwenye bahasha. Andiko tutaliandika wenyewe. Tumeshaanza, lina kurasa 7, na mkoa wake ni Mwanza.

Upande wetu tunaahidi kufungua shamba kwa kikundi chochote kitakachotaka pingili, bure, pamoja na habari zote za ubwiri tulizozilipia.

Chakula kiko tayari, sato na ugali wa muhogo, lakini tunaomba uvumilie kidogo. Leo ndiyo siku ya kupogoa. Mstari wa pili, mzabibu wa kwanza tumeuacha haujaguswa, na mkasi anao Afisa Kilimo. Tunaomba uupogoe wewe, kisha uje mwezi wa nane uvune ulichokata. Ukiingia, uinamishe kichwa, ule waya wa kwanza tuliufunga chini mno.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi