Atupele, umeandika udaktari mara tano

Uyole, Mbeya
Jumapili usiku

Mwanangu Atupele,

Barua hii anakuletea yule kijana mrefu wa Fuso anayebeba viazi vyangu kwenda Dar. Nimemwomba asimame Mafinga, aiache getini kwenye kambi yenu ya JKT pamoja na sweta la kijani. Afande wakikataza rangi, livae ndani ya kombati. Baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba naijua, na wewe kifua chako nakijua zaidi.

Matokeo tumeyaona. Lusajo aliyafungua kwenye simu mchana, mimi nikiwa kwenye mzani nagombana na mteja aliyetaka nimfungie lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida. Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D. Daraja la kwanza, pointi 9. Yule mteja nilimwachia gunia kwa bei aliyotaka, akashangaa mwenyewe. Baba yako hakusema kitu. Alienda kukaa chini ya mparachichi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akadai ni moshi wa jikoni. Jikoni tulikuwa hatujawasha.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu. Nilikuwa natafuta cheti chako cha kuzaliwa, maana RITA, wale wa vizazi na vifo, lazima wakihakiki ndipo Bodi ya Mikopo wakipokee, nikakuta daftari lako la jalada jekundu. Ukurasa wa mwisho umeandika vyuo utakavyoomba. Muhimbili, udaktari. Bugando, udaktari. KCMC, udaktari. UDOM, udaktari. Hapa kwetu Mbeya, kile cha UDSM pale Hospitali ya Rufaa, udaktari. Vyuo vitano, neno moja mara tano, na pembeni umechora kimoyo.

Nilikaa kitandani kwako nikakitazama kile kimoyo muda mrefu. Kesho yake nikafunga kibanda mapema, nikaenda kumwona mwalimu wako wa Kemia.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni hiyo 9. Mimi nilidhani ni namba moja, kumbe ni namba mbili zinazofanana sura tu. Baraza la Mitihani wanahesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4, kwa hiyo pointi zikiwa chache ndiyo raha. Kwenye udahili wanageuza mzani: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na huko mwenye nyingi ndiye mkubwa. Ya kwako ikawa 9 huku na 9 kule. Akacheka, akasema wazazi wengi wanakwenda kuomba chuo wakidhani pointi chache zinawasaidia. Mimi sikucheka sana, nilikuwa mmojawapo.

Cha pili kilinikalia vibaya. Akafungua mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, akanionyesha udaktari wa binadamu: Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote zifikie kiwango. Umefikia, mwanangu. Nikafurahi. Akaweka kidole kwenye safu nyingine, ya idadi ya nafasi. Akaniuliza, "Mama Ambakisye, mkoani kwetu peke yake unadhani ni watoto wangapi wamefikia kiwango hiki?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi hao wote wanaomba, na chuo kinaanza na aliye juu kinashuka, nafasi zikijaa kinafunga." Nikamwelewa palepale. Fuso inabeba magunia yake na basi, na gunia langu kuwa zuri hakuirefushi bodi. Kile kiwango kilichoandikwa kitabuni kinakuruhusu kusimama kwenye foleni. Foleni inaishia wapi, hicho hakiandikwi, kinategemea nani wamejitokeza mwaka huo.

Nikamuuliza waziwazi, kwa 9 yake Muhimbili ataingia? Hakunizungusha. Alisema watoto wenye A ya Kemia na A ya Baiolojia wote wanaanza na Muhimbili, na 9 pale ni kubahatisha. Vyuo vingine vya udaktari vinapishana, lakini hakuna hata kimoja ambacho angeweka mkono kwenye Biblia. Niliuma meno, lakini nilimshukuru. Kuna walimu wangekwambia "mungu yupo" na kukuacha uende.

Wewe kaka yako yalipomkuta ulikuwa darasa la tano, hukuelewa. Ambakisye alikuwa na alama nzuri kuliko zako, usinune, ndivyo zilivyokuwa. Aliomba vyuo vitatu, vyote udaktari tu, na mimi ndiye niliyemwambia asijishushe. Awamu ya kwanza ikatoka, jina halimo. Ya pili ikafunguliwa, nafasi zilizobaki zilikuwa za kozi ambazo hakuwahi hata kuzisoma majina, akagoma. Akakaa mwaka mzima hapa Uyole ananishonea magunia. Kila mtoto wa mtaa aliyerudi likizo na begi la chuo, yeye alikuwa anaingia ndani. Kosa lile halikuwa la chuo chochote. Lilikuwa langu na lake, na langu lilikuwa kubwa.

Kwa hiyo sikukatazi udaktari. Nisome vizuri hapo. Nakataa kuandikwa mara tano bila kitu kingine.

Tumekaa mimi, baba yako na Lusajo, tukazigawa kozi kwa majina yetu wenyewe: za kurukia, za kusimamia na za kulalia. Ya kurukia ni ile ambayo wengi wa waliochaguliwa mwaka jana walikuwa juu yako. Ya kusimamia, waliochaguliwa walikuwa kama wewe. Ya kulalia ni ile ambayo 9 yako iko juu ya wengi. Lusajo amepiga simu kwa kila mtu tunayemjua aliyeanza chuo mwaka jana, kuuliza aliingia kozi gani kwa alama gani. Anaandika kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Si hesabu kamili, lakini ni bora kuliko kimoyo.

Za kurukia tumeacha mbili: udaktari hapa Mbeya na udaktari UDOM. Hapa Mbeya nimepapendelea, sifichi, ungelala nyumbani. Muhimbili nimeifuta na unaweza kuirudisha, ila ujue unatoa ipi. Bugando na KCMC ni vya makanisa, na ada yake nimeitazama mara mbili nikidhani nimesoma vibaya. Udaktari ni miaka mitano darasani na mmoja wa mafunzo kazini. Viazi vya Umalila na Isongole vikipanda bei naweza kukubeba mwaka mmoja, siwezi kukuahidi mitano. Mkopo ukija utasaidia, lakini hakuna anayejua asilimia atakayopewa mpaka majina yatoke, na siwezi kukupeleka Bugando kule Mwanza kwa tumaini la asilimia.

Za kusimamia ndipo nataka utulie. Tumeweka uuguzi, shahada ya miaka minne. Najua utakunja uso. Shangazi yako ni muuguzi na unamwona anavyorudi amechoka, unadhani ni kazi ya kutumwa na madaktari. Muulize wodi ya wazazi inaendeshwa na nani saa tisa usiku.

Nyingine ni udaktari wa mifugo, SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro, nayo ni miaka mitano. Hii baba yako ndiye aliyeitaja na mimi nikakataa kwanza, nikasema mtoto anataka kutibu watu. Akaniuliza kama nimesahau usiku wa ng'ombe wa bibi yako kule Tukuyu. Sijasahau. Ndama alikuwa amekaa vibaya, mvua inapiga bati, mtaalamu wa mifugo ameingiza mkono mpaka begani, sisi wote tumegeuka ukutani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu, ndiye uliyeshika tochi. Hukugeuka. Ulikuwa unamuuliza maswali, kwa nini unavuta mguu huo kwanza, kwa nini unasubiri asukume. Yule baba akasema huyu mpeni mimi. Bibi yako mpaka leo ng'ombe yule anamwita kwa jina lako, jambo ambalo sijui kama ni heshima.

Ya kulalia ni ualimu wa Baiolojia na Kemia, Mkwawa pale Iringa, chuo kishiriki cha UDSM. Baba yako anataka tuongeze na kozi ya maabara ya MUST, chuo cha sayansi na teknolojia pale Iyunga. Hapa nina sharti moja, na ni kali: usiweke ya kulalia ambayo ukichaguliwa utalia. Ukiweka kozi ya kujaza nafasi ndiyo inayokuja kukuchukua, kisha unaacha mwaka wa kwanza na mkopo juu. Kama kufundisha hukutaki hata kidogo, kifute, uniambie unataka nini mahali pake. Ila usiniachie pengo.

Jambo jingine ambalo hukuliona kwenye daftari lako. Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000 kwa chuo, na ndani ya chuo kimoja unapanga kozi zaidi ya moja kwa elfu kumi ile ile. Wewe ulitaka kulipa elfu hamsini, halafu kila chuo unaweka kozi moja na kuacha mistari mingine mitupu. Hata sokoni hatufanyi hivyo. UDOM weka udaktari juu na uuguzi chini yake. SUA weka mifugo, na chini yake lishe au sayansi ya chakula ukipenda. Ya juu iwe ile unayoitaka kweli, kwa sababu ndiyo wanayoanza kuiangalia.

Na namba ya simu itakuwa yangu. Hili silijadili. Ambakisye mwaka wa pili aliomba kwa akili zaidi akachaguliwa vyuo viwili, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, ndani ya siku chache. Simu ikawa kimya. Tukaja kugundua kijana wa stationeri aliyemjazia fomu aliweka namba yake mwenyewe na barua pepe yake. Nikapanda daladala mpaka Mwanjelwa, duka limefungwa, jirani ananiambia ameenda msibani Kyela. Nikashuka Kyela. Nilimkuta kwenye turubai anagawa wali, nikamwambia kijana pole kwa msiba, nipe simu yako. Meseji ilikuwepo, ina siku nne, katikati ya meseji za mikopo ya mtandaoni. Ilibaki siku moja dirisha lifungwe. Ndiyo maana kaka yako leo yuko maabara na si kwenye magunia, na ndiyo maana wewe, uliyeko huko bila simu, utaandikwa namba ya mama yako ambayo haizimwi. Fomu tutajaza nyumbani, Lusajo akiandika na mimi nikiwa nimemkalia.

Fomu ya Bodi ya Mikopo nayo ina mihuri ya mtaa na ya wakili. Hiyo niachie, mwenyekiti wa mtaa ananidai debe la viazi na mimi namdai muhuri.

Ambakisye nilimpigia jana, nikamsomea orodha. Alinyamaza, akasema, "Mwambie asichague kwa hasira." Nikamuuliza hasira ya nini. Akasema anajua mwenyewe. Sikuelewa, labda ninyi wawili mnaelewana.

Nimekukatia karatasi nyingine ndani ya bahasha, nimeipigia mistari. Juu andika vyuo, chini ya kila chuo kozi zako kwa mpangilio unaoutaka. Penye kozi yangu usiyoitaka kata, lakini andika nyingine hapo hapo. Tumia penseli, Lusajo atanakili kwa kalamu. Kijana wa Fuso anarudi Alhamisi na atapita getini kama saa nne asubuhi, hawezi kungoja, ana mzigo wa sabuni wa watu. Muombe afande mapema.

Na unijulishe kama sweta limekubana mabegani.

Mama yako